Bendera mbili, nyimbo mbili, uraia mmoja

"Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Moroni, Komoro. Nimeolewa Chake Chake, huu mwaka wa saba, na nina watoto wawili. Nataka kuomba uraia wa Tanzania. Wifi yangu kaniletea karatasi ya maswali mia moja aliyoipata kwenye simu, na kila nikiisoma nachanganyikiwa zaidi. Inasema bendera ya taifa ina rangi nne zilizokatwa mshazari, lakini naona ofisini kuna bendera nyengine ya milia iliyolala, na kibendera kidogo pembeni. Inasema wimbo wa taifa ni 'Mungu ibariki Afrika', na mwanangu anaimba na mwengine. Lugha rasmi ndiyo kabisa: pahali wameandika Kiswahili peke yake, pahali Kiswahili na Kiingereza, pahali wameongeza Kiarabu. Na Kiswahili changu mimi nimekipata jikoni kwa mama mkwe, ni Kipemba kitupu na lafudhi ya Kingazija juu yake. Je, mtihani unaandikwa? Nikikosa mangapi nimefeli? Na nikizungumza hivi ninavyozungumza, watanikataa?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Barua yako ina hofu tatu zilizoshikana: mtihani wenyewe, alama za taifa zinazoonekana kupingana, na lugha. Nitazifungua moja moja, kwa sababu zikibaki zimefungwa pamoja utasoma usiku kucha na usiku wa pili uanze upya.

Kwanza mtihani. Tanzania haina mtihani wa uraia wa kuandika, wenye karatasi ya maswali na alama ya kufaulu. Wazo hilo huja kutoka kwa jamaa walioko nje. Uingereza wana mtihani wa maswali 24 kwa dakika 45, na lazima upate 18. Kanada ni maswali 20, na 15 ndiyo kufaulu. Marekani ndiko lilikotoka sana lile jina la "maswali mia". Mtu akichukua mfano wa huko, akajaza majibu ya Tanzania kwa kukisia, akatuma kwenye makundi ya simu, ndipo inapozaliwa karatasi kama ya wifi yako. Hakuna ofisi ya serikali inayosimama nyuma yake. Ulivyonukuu tu, tayari naona imechanganya mambo ya Muungano na ya Zanzibar bila kusema lipi ni lipi. Iweke kando.

Kilichopo ni ombi la maandishi pamoja na mahojiano ya ana kwa ana. Sheria inayotawala ni Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995, Sura ya 357. Kwa mgeni wa kawaida anayetaka uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na si wa kuzaliwa, masharti yako kwenye Jedwali la Pili: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla isiyopungua miaka 7, ajue Kiswahili au Kiingereza kwa kiasi cha kutosha, awe na mwenendo mwema, awe na mchango kwa nchi, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Soma tena lile sharti la lugha: ni Kiswahili au Kiingereza, si vyote viwili.

Wewe, ukiwa mke wa raia, una mlango wako katika kifungu cha 11, unaomruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba wakati wowote mumewe akiwa hai. Hayo maneno ya mwisho yana uzito. Wako wanawake wanaokaa miaka ishirini wakisema "nitaomba mwakani", mume akafariki, na njia waliyokuwa nayo ikawa si hiyo tena. Ikiwa umeshaamua, usiahirishe kwa sababu ya kuogopa maswali ya bendera. (Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hakuandikiwa mlango kama huu. Naiona ni kasoro ya sheria, na wanaoguswa nayo wana haki ya kuilalamikia, ila kwa sasa ndivyo ilivyo.)

Ombi lako litaanzia chini. Sheha wa shehia yako ndiye anayekujua, naye hutarajiwa kuthibitisha kwamba unaishi hapo na unaishije. Kutoka hapo linapanda ngazi za wilaya na mkoa, linafika Uhamiaji makao makuu, na mwenye uamuzi wa mwisho ni waziri anayehusika na mambo ya ndani. Njiani utakaa mbele ya watu watakaokuuliza. Maswali mengi yatakuhusu wewe: ulikuja lini, kwa njia gani, nani anakujua, watoto wanasoma wapi, unafanya kazi gani. Maswali ya nchi huingia katikati ya mazungumzo hayo. Mhojaji anatafuta dalili kwamba nchi unayoiomba unaijua na unaishi ndani yake. Mtu aliyekariri hujulikana upesi: ukimgeuzia swali kidogo tu, anakwama.

Sasa alama. Dada yangu, hukuchanganyikiwa kwa sababu huelewi. Umechanganyikiwa kwa sababu unaishi Zanzibar, na hapa kila kitu kipo mara mbili. Mwombaji wa Tabora au Songea hana tatizo hili. Kwa hiyo kabla ya kukariri rangi hata moja, shika kanuni hii: uraia ni jambo la Muungano. Umo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyoko kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, pamoja na ulinzi, polisi, mambo ya nje na uhamiaji. Hakuna uraia wa Zanzibar na uraia wa Bara. Kwa hiyo mhojaji akisema "bendera ya taifa", "wimbo wa taifa" au "nembo ya taifa", anakusudia ya Jamhuri ya Muungano. Akitaka ya Zanzibar atasema "ya Zanzibar". Na wewe ukijibu, taja jina la unachokizungumzia. Jibu la "bendera ya Muungano ni hivi, na Zanzibar nayo ina yake ambayo ni hivi" linaonyesha ujuzi kuliko orodha ya rangi peke yake.

Bendera ya taifa ilianza kutumika tarehe 30 Juni 1964, miezi miwili baada ya Muungano. Iliundwa kwa kuunganisha bendera mbili: ya Tanganyika iliyokuwa na kijani, dhahabu na nyeusi, na ya Zanzibar ya baada ya Mapinduzi iliyokuwa na buluu, nyeusi na kijani. Ukilijua hilo huna haja ya kukariri rangi, maana buluu imetoka kwetu, dhahabu imetoka kwao, na nyeusi na kijani zilikuwa pande zote mbili. Maana zake: kijani ni mimea na uoto wa nchi, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji, yaani bahari, maziwa na mito. Mitaani watu husema "njano", nawe ukisema njano hukukosea maana, lakini ukisema dhahabu utakuwa umetaja na sababu yake, kwa kuwa rangi hiyo imewekwa kwa ajili ya madini.

Mpangilio ndiyo sehemu inayowaangusha wengi. Simama mbele ya bendera, mlingoti uwe mkono wako wa kushoto. Mlia mweusi unaanzia pembe ya chini ya upande wa mlingoti, unapanda mshazari hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Pande zote mbili za mlia huo kuna ukingo mwembamba wa dhahabu. Juu, upande wa mlingoti, ni pembetatu ya kijani. Chini, upande unaopepea, ni pembetatu ya buluu. Kwa hiyo kijani juu, buluu chini. Wako watu waliozaliwa hapa wanaoitundika kinyume, buluu ikawa juu, na hawajui wamekosea nini. Chukua kipande cha karatasi na penseli nne za rangi za mwanao, uichore bila kuangalia. Kisha iweke karibu na bendera halisi ulinganishe. Ukiichora sawa mara tatu kwa siku tofauti, hutaisahau.

Ile nyingine uliyoiona ofisini, yenye milia iliyolala, ni bendera ya Zanzibar, iliyoanza kutumika Januari 2005. Milia yake kutoka juu ni buluu, nyeusi na kijani, zile zile rangi za 1964, na katika pembe ya juu upande wa mlingoti kuna bendera ndogo ya Jamhuri ya Muungano. Hicho ndicho kibendera ulichokiona. Kinaeleza bila maneno kwamba Zanzibar ina serikali yake na iko ndani ya Muungano. Wewe umekulia chini ya bendera yenye nyota nne kwa visiwa vinne, kwa hiyo kusoma bendera si jambo geni kwako: kila kipande kimewekwa kwa sababu, nawe jifunze ile sababu.

Jambo la adabu pia, kwa sababu huulizwa na kwa sababu utaishi nalo. Bendera hupandishwa saa 12 asubuhi na hushushwa saa 12 jioni. Ukiwa unapita karibu na kituo cha polisi au ofisi ya serikali wakati huo, unasimama kimya hadi ikamilike. Wimbo wa taifa ukipigwa, unasimama wima, mikono ubavuni.

Nembo ya Taifa, ambayo wengine huiita ngao ya taifa na wengine "Bibi na Bwana", ndiyo yenye mambo mengi, na ndiyo inayotupwa kwa haraka katika karatasi za simu. Tafuta noti yenye nembo, au jalada la pasipoti ya mumeo, uangalie kwa karibu tukiwa tunasoma pamoja. Katikati kuna ngao. Sehemu ya juu ya ngao ni ya dhahabu, ndani yake unawaka mwenge, alama ya uhuru na elimu. Chini yake ni bendera ya taifa. Chini ya bendera ni sehemu nyekundu, rangi ya udongo wenye rutuba, na hapo kuna shoka na jembe vilivyopishana, zana za kazi za wananchi. Chini kabisa ni mawimbi ya buluu na nyeupe, yaani maji ya nchi. Kuna na mkuki uliosimama, alama ya kulinda uhuru.

Nje ya ngao, pande mbili, wamesimama mwanamume na mwanamke, na pembe za ndovu zimeizunguka ngao kushoto na kulia. Wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Sasa angalia miguuni. Miguuni kwa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni kwa mwanamke kuna mpamba. Watu wengi hawajawahi kuangalia hapo chini, na mimi naona ni sehemu ambayo mwombaji wa Pemba anapaswa kuijua kwa moyo, maana karafuu nyingi za Zanzibar hutoka kwenye kisiwa unachoishi. Zao la visiwani na zao la Bara yamewekwa pamoja chini ya ngao moja. Chini kabisa kuna utepe wenye maneno "Uhuru na Umoja". Hiyo ndiyo kaulimbiu ya taifa. Mtu anayejibu "Uhuru na Kazi" anataja kaulimbiu ya zama za siasa za TANU, si iliyoko kwenye nembo.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ina nembo yake, utaiona juu ya barua zake. Kwa hiyo usichukue karatasi yoyote ya serikali iliyoko nyumbani ukadhani nembo iliyo juu yake ni ya taifa. Pasipoti na noti za Benki Kuu ni mambo ya Muungano, ndiyo maana nimekutuma huko.

Kuhusu wimbo, wa taifa ni "Mungu ibariki Afrika". Tuni yake ni ya Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyeitunga mwaka 1897, na ndiyo maana utaisikia pia katika wimbo wa Zambia na katika sehemu ya wimbo wa Afrika Kusini. Una beti mbili: wa kwanza unaiombea Afrika, wa pili Tanzania. Kosa la kawaida ni kuhamisha maneno ya ubeti mmoja kwenda mwingine. Hekima, umoja na amani viko ubeti wa kwanza. Uhuru na umoja viko ubeti wa pili, wa Tanzania, sawasawa na yale maneno mawili ya kwenye utepe wa nembo. Funga hayo mawili pamoja kichwani, yatakusaidia usichanganye. Anaouimba mwanao ni wimbo wa Zanzibar, "Mungu ametubarikia", unaopigwa katika shughuli za Serikali ya Mapinduzi. Mwache aimbe, na wewe jifunze kwake. Si makosa ya skuli.

Alama nyingine zinapita haraka. Mnyama wa taifa ni twiga. Mwenge wa Uhuru uliwashwa kwa mara ya kwanza juu ya Kilimanjaro tarehe 9 Desemba 1961, na aliyeupandisha ni Alexander Nyirenda. Fedha ni shilingi, na kwenye sarafu za shilingi 200 na 500 kuna sura ya Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa kwanza wa Rais wa Muungano, wakati Mwalimu Julius Nyerere yuko kwenye sarafu ya 100 na noti ya 1,000. Watoto wako wanazishika kila siku wakienda dukani, zitumie kujifunzia.

Tarehe nazo zina mtego wa aina ile ile ya Muungano na Zanzibar. Tarehe 9 Desemba 1961 ni uhuru wa Tanganyika. Ukisema "Tanzania ilipata uhuru 1961" utasikika kama mtu aliyesoma kijuujuu, kwa sababu Tanzania haikuwapo. Mapinduzi ya Zanzibar ni 12 Januari 1964. Hati za Muungano zilitiwa saini 22 Aprili 1964, na Muungano wenyewe ni 26 Aprili 1964. Jina "Tanzania" lilikuja baadaye, mwezi Oktoba mwaka huo huo. Mwanzoni nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Karume anakumbukwa 7 Aprili, Nyerere 14 Oktoba. Panga tarehe hizi kwa mfuatano wa matukio, usizikariri kwa kalenda ya sikukuu, utaona zinavyojieleza.

Na uongozi, kwa ufupi: Rais wa Jamhuri ya Muungano ni mmoja, Rais wa Zanzibar ni mwingine. Bunge liko Dodoma, ambao ndio mji mkuu. Baraza la Wawakilishi liko Zanzibar. Katiba ya Muungano ni ya 1977, ya Zanzibar ni ya 1984. Mikoa ni 31: 26 Bara na 5 Zanzibar, na kati ya hiyo mitano miwili iko Pemba. Wewe uko Kusini Pemba. Wete na Micheweni ni Kaskazini. Usiende kwenye mahojiano bila kujua jina la sheha wako, mkuu wa wilaya yako na mbunge wako. Mtu anayejua nembo hadi mizizi ya mpamba lakini hajui mbunge wa jimbo lake atashangaza.

Tuje kwenye lugha, ambapo karatasi yako imekupa majibu matatu. Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na ndiyo lugha rasmi ya kazi za serikali. Kiingereza nacho kinatumika kirasmi, hasa elimu ya sekondari na vyuo, mahakama za juu na mawasiliano na nje. Kwa hiyo anayeandika "Kiswahili" na anayeandika "Kiswahili na Kiingereza" hawapingani sana: mmoja anataja lugha ya taifa, mwingine anataja lugha zinazotumika rasmi. Kinachowachanganya watu ni kwamba katiba ya 1977 haina ibara inayotangaza lugha rasmi kama zilivyo katiba za nchi nyingine, Komoro ikiwamo. Hadhi ya Kiswahili imejengwa na sera, sheria mbalimbali na matumizi. Mwaka 2021, kwa mfano, sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama kwa upande wa Bara, ambako kwa miaka mingi hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mabaraza ya Kiswahili nayo ni mawili: BAKITA, la taifa, la 1967, na BAKIZA, la hapa Zanzibar.

Kiarabu kinaheshimika sana kwetu. Kinasomwa madrasa, kinafundishwa skuli, dini yetu imo ndani yake. Lakini shughuli za serikali haziendeshwi kwa Kiarabu. Kwenu Komoro ni lugha rasmi kweli, pamoja na Kikomoro na Kifaransa, na nadhani hiyo ndiyo sababu jibu lile lilikuvuta. Ukiulizwa, sema: lugha ya taifa ni Kiswahili, na Kiingereza pia hutumika kirasmi. Hapo umejibu kwa usahihi na hakuna wa kukukosoa.

Kipemba chako, dada yangu, hakitakukosesha uraia. Kipemba ni lahaja ya Kiswahili, si Kiswahili kilichoharibika. Kiswahili sanifu chenyewe kimejengwa juu ya lahaja, Kiunguja cha mjini, iliyochaguliwa mwaka 1928. Mhojaji aliyeko Pemba ameshazoea kusikia "ntu" mahali pa "mtu". Lafudhi ya Kingazija nayo si kosa. Ninachokuonya ni vitu viwili vingine. Cha kwanza ni maneno ya Kifaransa yanayoteleza katikati ya sentensi bila mwenyewe kujua, hasa kwenye tarehe, miezi na majina ya vyeti. Cha pili ni kwamba Kikomoro na Kiswahili ni jamaa wa karibu, na ujamaa huo hudanganya: unasikia swali, unadhani umelielewa, unajibu jingine. Ukiwa na shaka, omba lirudiwe. "Samahani, naomba unirudilie swali" haipunguzi chochote. Kujibu lisiloulizwa kunapunguza.

Kisichotoka jikoni kwa mama mkwe ni msamiati wa ofisini. Kule unajifunza karai na mbuzi ya nazi. Hujifunzi mwombaji, mdhamini, kiapo, kukana uraia, hati, ukaazi, kibali, mahali pa kuzaliwa, hali ya ndoa. Haya ndiyo ya kutafuta. Chukua fomu ya maombi mapema, hata kama huijazi leo, uisome kwa sauti na mumeo, neno kwa neno. Sikiliza taarifa ya habari ya redio kila usiku, kisha umweleze mtu uliyoyasikia kwa dakika mbili, bila kuandika. Zoezi hili linafundisha vitu vitatu kwa wakati mmoja: lugha rasmi, majina ya viongozi na kuzungumza bila karatasi. Kama unaweza kufika Unguja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho TAKILUKI ya zamani (Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni) imo ndani yake, hufundisha Kiswahili kwa wageni. Lakini kwa mtu wa miaka saba Chake Chake sioni kwamba unahitaji darasa. Unahitaji mazoezi ya sauti.

Yapange hivi. Juma la kwanza, bendera na nembo tu, kwa kuchora na kueleza. Juma la pili, wimbo na tarehe. Juma la tatu, uongozi na msamiati wa fomu. Juma la nne, mumeo au wifi yako akuhoji jioni, na awe na ruhusa ya kugeuza maswali: badala ya "rangi za bendera ni ngapi", aulize "kwa nini ina buluu?", badala ya "Muungano ulikuwa lini", aulize "kabla ya hapo nchi iliitwaje?". Ukikwama kwenye jambo, usilikariri zaidi. Rudi kwenye sababu yake. Na siku ya mahojiano yenyewe, kama hujui, sema hujui. Jibu la kubuni humfanya mhojaji aanze kutilia shaka na yale ya kweli uliyoyasema kuhusu maisha yako.

Sasa niseme wazi: maombi mengi hayakwami kwenye bendera. Yanakwama kwenye karatasi. Jina lililo kwenye pasipoti yako ya Komoro, lililo kwenye cheti cha ndoa na lililo kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto yawe moja. Kama kwenye ndoa uliandikwa kwa jina la baba na babu, na pasipoti ina jina la ukoo lenye tahajia ya Kifaransa, hilo linahitaji kushughulikiwa kabla ya kuwasilisha ombi, na hapo barua kama hii haitoshi. Nenda mwenyewe ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, ubebe nakala na asili, uulize fomu inayotumika sasa, ada ya sasa na viambatisho. Ada hubadilika, na ukimlipa mtu wa kati "akusaidie" huna utakachomshika nacho. Kwa ushauri wa sheria, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi hapo hapo Chake Chake.

Mtafute mwanasheria bila kusita kama kibali chako cha ukaazi kimewahi kukatika, kama ndoa haijasajiliwa, kama umewahi kukataliwa huko nyuma, au kama kuna mgogoro wa ndoa. Uamuzi wa waziri ni wa mwisho na sheria haimlazimishi kutoa sababu, kwa hiyo ni bora kasoro irekebishwe kabla ya ombi kuliko kuifuata baada ya jibu.

Jambo la uraia wako wa sasa lishike kwa mikono miwili. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo utatakiwa kuukana wa Komoro na kula kiapo cha utii kwa Jamhuri ya Muungano. Lakini usiukane mapema ili "kuonyesha nia". Subiri barua ya maandishi ya kukubaliwa, yenye maelekezo ya lini na vipi. Aliyekana kabla ya kukubaliwa, kisha ombi likachelewa au likakataliwa, anabaki hana nchi yoyote, na kulirekebisha hilo ni kazi ngumu kuliko ombi lenyewe. Kiapo kikishakuwa karibu, kisome kwa sauti nyumbani mara kadhaa, maana ni sentensi ndefu.

Mwisho, uraia ukiupata usidhani umeshapata na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Hicho kina masharti yake, yakiwamo ya Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985 na ya ukaazi, na hushughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Cha Taifa ni cha NIDA. Ni foleni mbili, na ya NIDA ndiyo ya kwanza kwako.